Mama Kaa na Maji ya Mto Kisembe

Haya, sogeeni. Wewe uliye mlangoni, ingia ukae, usije ukasikia nusu. Nikiita “Mto!” mniitikie “Utiririke!”

Mto!

Utiririke!

Mto!

Utiririke ufike!

Basi umefika, na umekuja na ngano.

Hapo zamani, zamani sana, wanyama walipokuwa wakisemezana kama mimi na nyinyi, palikuwa na mto uitwao Kisembe. Ulitoka vilimani, ukapita chini ya mkuyu mkubwa, ukazunguka jiwe jeupe, ukaingia kwenye matete, na mwisho ukamwagika ziwani. Wanyama wote wa nchi ile waliunywa mto huo, wakaoga humo, wakazaa watoto wao kando yake.

Huko kwenye matete aliishi Mama Kaa. Alikuwa mdogo, wa kuenea kwenye kiganja chako. Mwaka huo alikuwa amebeba watoto wake chini ya tumbo, kama kaa wa mtoni wafanyavyo. Walikuwa wengi, wadogo kama punje za mtama. Akitembea walimtekenya, naye akacheka peke yake njiani. Waliomwona walisema, “Huyu naye anacheka nini?”

Siku moja asubuhi Mama Kaa aliamka, akayaonja maji. Yalikuwa machungu.

Akaonja tena. Machungu.

Akasogea upande, maana ndivyo atembeavyo, akaonja mara ya tatu. Machungu, na yana harufu.

Akasubiri watoto wamtekenye. Hawakumtekenya. Akainua tumbo kutazama, na watatu wakaanguka mchangani. Hawakuamka. Mama Kaa aliwafukia kwa gando lake, taratibu, mmoja mmoja. Kisha akakaa pale kando yao.

Alipoinuka, alikwenda moja kwa moja kwa Kiboko. Moja kwa moja yake ilikuwa ya upande upande, lakini alifika.

Kiboko ndiye alikuwa mkuu wa mto. Alikuwa amelala majini, upande wa pili wa matete, yanaonekana masikio tu.

“Hodi, Mzee.”

“Karibu. Nani huyo? Sikuoni.”

“Mimi Mama Kaa, niko hapa chini. Mzee, maji yameharibika. Watoto wangu watatu wamekufa.”

“Pole, mwanangu,” akasema Kiboko, na kweli alimhurumia. “Lakini mimi nimo humu mchana kutwa, na mgongo wangu haujasikia kitu. Maji ni maji. Nani amekutuma kuyachunguza?”

“Sikutumwa, Mzee. Nakaa hapa.”

Kiboko akacheka, mawimbi yakamwangusha Mama Kaa chali. “Niletee ushahidi,” akasema, “nami nitainuka.” Akalala tena.

Mama Kaa alirudi njiani akiwaza. Ushahidi unaonekanaje? Maji hayashikiki. Ya jana yamekwenda, ya leo yanakwenda. Akasema moyoni, “Basi nitayaonja kila siku, nijue yanaharibikia wapi.”

Kwanza aliwapeleka watoto wake waliobaki juu, kwenye jiwe jeupe, ambako maji yalikuwa bado matamu. Akajichimbia shimo jipya huko. Angeweza kutulia pale pale, maana hakuna aliyemlazimisha kurudi. Lakini aliwakumbuka majirani wa kwenye matete. Kesho yake alfajiri aliwaacha watoto shimoni, akashuka kuonja.

Huko akamkuta Chura, analia. Viluwiluwi wake walikuwa wanaelea, matumbo juu.

“Usilie peke yako,” akamwambia Mama Kaa. “Njoo tuonje maji.”

“Kuonja kunasaidia nini?”

“Sijui bado. Njoo.”

Chura akamfuata. Njiani wakamkuta Kobe, anakunywa polepole na kukunja uso.

“Nyinyi mnakwenda wapi?”

“Kuonja mto. Mkuyuni, jiweni na kwenye matete.”

“Mimi sina haraka na safari yoyote,” akasema Kobe. “Nitakuja. Nitafika mkiwa mmemaliza, lakini nitakuja.”

Basi wakawa watatu. Kila alfajiri waliuonja mto mahali patatu. Mama Kaa alionja. Chura alipaza sauti, kila mtu asikie. Na kwa kuwa hawakuwa na pa kuandika, Kobe alitoa mgongo wake. Maji yakiwa matamu, Mama Kaa alikwangua mstari mmoja juu ya gamba. Yakiwa machungu, mistari miwili. Ndiyo hiyo mistari mnayoiona kwa kobe mpaka leo. Mlidhani amezaliwa nayo?

Na Chura alitunga wimbo. Nisaidieni kuuimba, mikono ikipiga:

*Onja, Mama, onja,*
*matamu au machungu?*
*Kobe, lete mgongo,*
*tuandike ya leo!*

Nyani alikuwa juu ya mkuyu, anawatazama. “Hee! Wenye kazi zao hao! Mtapewa nini?”

“Maji,” akajibu Kobe.

Nyani akacheka mpaka akadondosha tunda lake.

Siku zikapita, mgongo wa Kobe ukajaa. Mkuyuni, mstari mmoja. Jiweni, mstari mmoja. Kwenye matete, miwili, miwili, kila siku miwili. Mama Kaa akausoma mgongo ule kwa gando, akasema, “Jamani, uchungu unaingia kati ya jiwe na matete. Nitakwenda kuangalia.”

“Kule kuna Fisi,” akasema Chura.

“Najua.”

Mama Kaa alikwenda peke yake, akijificha chini ya majani. Na huko akaona. Fisi alikuwa fundi wa ngozi. Ngozi za nani? Za waliokufa kwa uzee, wala msiniulize zaidi. Alikuwa amechimba mashimo matatu ukingoni kabisa mwa mto. Ndani yake aliloweka ngozi kwa majivu na magome ya miti. Na kila shimo lilikuwa na mfereji mdogo unaomwaga uchafu mtoni. Povu jeupe lilikuwa likienda zake, likielekea kwenye matete.

“Nani hapo?” Fisi akageuka. Pua yake ilikuwa imeshamnusa.

Mama Kaa alitamani kurudi shimoni. Lakini akajitokeza.

“Shikamoo, Bwana Fisi. Ni mimi, Mama Kaa.”

“Marahaba. Nani amekutuma hapa?”

“Sikutumwa. Nakaa hapa chini. Maji unayomwaga yanaua watoto wetu.”

Fisi alishika kiuno. Hakuwa mkali, alikuwa mtu wa shughuli nyingi. “Mama Kaa, tazama kazi niliyonayo. Kitanda cha Pundamilia, viatu vya Mbuni, ngoma ya harusi ya Swala. Wote wananisubiri. Maji yanapita, yanaondoka na uchafu, basi. Sogea huko, nisije nikakukanyaga.”

Akarudi kwenye ngozi zake.

Mama Kaa aliwachukua wenzake, wakaenda kwa Kiboko mara ya pili. Kobe akageuza mgongo, Mama Kaa akaeleza kila mstari. Lakini walimkuta nani pale? Fisi! Alikuwa amemletea mkuu ngozi laini ya kuegemeza kidevu.

“Mzee,” akasema Fisi, “hiyo ni mikwaruzo ya mgongo. Kobe amejikuna kwenye mwiba. Maji ninayoyarudisha mtoni ni masafi kuliko niliyoyachota.”

Pundamilia, aliyekuwa pale pamoja na Mbuni, akatazama chini, maana kitanda chake kilikuwa hakijaisha. Mbuni naye akatazama pembeni. Kiboko akalaza kidevu juu ya ngozi ile laini, akapiga mwayo.

“Mama Kaa, nakuheshimu. Lakini mstari haunyweki. Nendeni nyumbani.”

Njiani, Chura alitupa mikono. “Mimi basi! Tuhamie mkuyuni, tunywe maji yetu, tunyamaze.”

Mama Kaa alizidi kutembea. Alikuwa amechoka sana. Miguu ilimuuma, na moyo pia.

“Hamia, ndugu yangu, sikulaumu,” akasema. “Mimi kesho nitashuka kuonja.”

Wakatembea. Chura akaruka mara moja, akaruka mara mbili, akasimama. “Ukionja, nani atapaza sauti?”

“Hakuna.”

“Basi nitakuja,” akanung'unika. “Lakini nimekasirika, ujue.”

Usiku ule Mama Kaa aliyarudia maneno ya Kiboko: mstari haunyweki. Akayageuza huku na huku. Asubuhi aliwaambia wenzake, “Mzee amesema kweli. Tafuteni vibuyu vitatu.”

Siku ya harusi ya Swala ikafika. Wanyama wote walikusanyika kwa Kiboko. Jua lilikuwa kali. Fisi alikuja na ngoma aliyoitengeneza mwenyewe, ameibeba kichwani tangu kwake, ulimi nje.

Mama Kaa akasogea upande upande mpaka mbele yake. Nyuma yake alikuwa Kobe, na vibuyu vitatu mgongoni.

“Bwana Fisi, umebeba mzigo kutoka mbali. Una kiu. Tumekuletea maji ya mto wetu.”

“Ahsante sana, Mama Kaa! Wewe una roho nzuri.” Alifurahi kweli.

Akapokea kibuyu cha kwanza, maji ya mkuyuni. Akanywa. “Matamu!”

Akapokea kibuyu cha pili, maji ya jiweni. Akanywa mpaka tone la mwisho. “Matamu!”

Akapokea kibuyu cha tatu. Akakiinua. Kikakaribia pua. Na pua ya Fisi, nyote mnaijua. Mkono ukasimama hewani.

“Nimeshiba,” akasema.

“Kidogo tu, Bwana Fisi.”

“Kiu imekwisha.”

“Fundo moja, utuheshimu.”

Ngoma zikanyamaza. Kiboko akainua kichwa. “Fisi, umepewa maji mbele za watu. Kunywa.”

“Mzee, siyanywi haya!” Fisi akapayuka. “Yametoka chini ya mashimo yangu!”

Lo! Akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Kiboko alitoka majini. Watu walikuwa hawajamwona akitoka mchana tangu mwaka wa njaa. Akakichukua kibuyu, akakimimina chote kinywani. Akayatema maji kwa nguvu, akawalowesha bibi harusi na bwana harusi.

“Nimelala ndani ya haya?” akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. “Na wewe, Mama Kaa, ulikuja mara mbili.”

Kisha akamgeukia Fisi, miguu yake ikatikisa ardhi. “Toka! Toka katika nchi hii, usirudi!”

Fisi alilala chini, masikio yamelala. Wote wakangoja.

“Mzee,” akasema Mama Kaa, “usimfukuze.”

“Nini? Wewe uliyefiwa?”

“Mimi niliyefiwa. Nimemchukia siku nyingi, Mzee, nimechoka kumchukia. Akienda, atachimba mashimo kwenye mto wa wengine. Na sisi tulivilalia vitanda vyake, hatukuuliza vimetoka wapi. Achimbe upya kule juu kwenye changarawe, mbali na maji. Mashimo haya ayafukie, na sisi tumsaidie.” Akasogea upande kidogo. “Na wewe pia, Mzee, kama hutakasirika, lile jambo la choo chako pale tunapochota...”

Wanyama wote wakatazama mawingu. Kiboko akakohoa. “Limesikika,” akasema.

Kesho yake kazi ilianza. Pundamilia alibeba udongo. Mbuni alikanyaga mashimo yakashindiliwa. Kiboko aliburuta magogo kwa kifua, akihema. Hata Nyani alishuka, akapanda matete ukingoni, akilalamika tangu mwanzo hadi mwisho. Na Fisi alichimba kule juu mpaka kucha zikakatika, bila kumnung'unikia mtu.

Alfajiri iliyofuata watatu walipokutana mkuyuni, walimkuta Fisi amekaa pembeni.

“Mama Kaa,” akasema, hamtazami, “pua yangu inanusa mbali kuliko ulimi wako. Kama mtanitaka.”

Mama Kaa alimwangalia. Aliwakumbuka watatu wake walio mchangani. Kisha akasema, “Twende. Wewe utanusa kwenye matete.” Nao wakaimba:

*Nusa, Fisi, nusa,*
*matamu au machungu?*
*Kobe, lete mgongo,*
*tuandike ya leo!*

Mvua zikanyesha, zikaosha. Mwezi wa kwanza, mistari miwili. Mwezi wa pili, miwili. Mwezi wa tatu, alfajiri moja, Mama Kaa alionja kwenye matete. Akaonja tena. Akamwomba Fisi anuse. Kisha akakwangua mstari mmoja, na Chura akapiga kelele zilizofika ziwani.

Siku hiyo Mama Kaa aliwabeba tena watoto wake chini ya tumbo, akawashusha nyumbani. Walikuwa wamekua. Waliachia tumbo la mama yao mmoja mmoja, wakaingia majini, wakaenda zao upande upande, hakuna aliyegeuka nyuma. Mama Kaa alisimama pale, tumbo jepesi, hana wa kumtekenya. Alilia kidogo. Akacheka kidogo. Kobe alisimama karibu naye, akajifanya hakuona.

Na kulipokucha, alikwenda kuonja.

Basi, wanangu, ngano hii inatufunza hivi: mto ni wa wote wanaounywa, na ulinzi wake ni wa wote pia. Usingoje kutumwa na mkuu kulinda maji unayokunywa. Usidharau kazi ndogo ifanywayo kila siku. Na aliyeharibu, akikubali kosa, mpe jembe atengeneze pamoja nawe.

Hapa naitua ngano yangu, bega limechoka. Aliyeisikia yote aichukue akawape wa nyumbani. Aliyesinzia, jirani yake atamsimulia. Nimemaliza.