Siku ya Maji ya Nakundwa

Mtu mmoja wa milima ya Upare alikuwa na shamba la tangawizi na mwana mmoja. Yeye aliitwa Anaeli, mwanawe Abdieli. Mwana alikuwa na kichwa chepesi. Akaomba nafasi katika chuo kikuu huko Marekani, na chuo kikamkubali. Barua ilisema kwamba nusu ya ada wangemsamehe. Nusu iliyobaki, pamoja na chakula na malazi ya mwaka wa kwanza, walitaka kwanza waione benki, ndipo wamtumie karatasi ya kuombea viza. Anaeli alisomewa barua ile mara mbili. Hakuwa na akaunti. Alichokuwa nacho ni jembe, shamba, na siku moja ya maji.

Aliyekulia kwenye maji ya bomba aelezwe. Kule mlimani kuna bwawa la udongo liitwalo ndiva. Kijito hulijaza watu wakiwa wamelala, na asubuhi kizibo cha gogo hung'olewa, maji yakashuka mferejini mpaka shambani kwa mwenye zamu. Nyumba zilikuwa kumi, na kila nyumba ilipata siku moja katika kumi. Mtunza ndiva husimama ukutani akatangaza leo ni siku ya nani, na hakuna anayebisha. Shamba unaweza kuuza. Siku ya maji haiuzwi, huazimwa tu. Na aliyeiazima huirudisha kwa kwenda ndivani yeye mwenyewe, kung'oa kizibo kwa mkono wake, na kumpelekea mwenye siku maji yake.

Chuo kilikubali kumngoja Abdieli mwaka mmoja. Basi siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, watu wote wakiwa ndani ya ndiva wakizoa tope, Anaeli aliwaeleza shida yake, matope yakiwa magotini. Watu waliendelea kuzoa. Hapakuwa na mwenye fedha pale, na kila mmoja alijua hivyo kuhusu mwenzake. Kisha mjane mmoja aitwaye Nakundwa, ambaye mali yake ilikuwa matuta machache ya maharage, aliinuka, akafuta mikono kwenye kanga. "Mimi shilingi sina," alisema. "Siku yangu ya maji namwazima huyu kijana. Aende nayo." Kutoa ni moyo, si utajiri. Kabla tope halijaisha, nyumba sita nyingine zilikuwa zimesema vivyo hivyo.

Kiangazi kile tangawizi ya Anaeli ilisimama kijani kibichi, na maharage ya majirani yakageuka manjano. Ya Nakundwa yalikauka kabisa. Mwaka ule aliuza kuku ili anunue mboga. Hata hivyo kila alipopita kando ya shamba la Anaeli alisimama, akayasifu majani yale kama mtu anayesifu ng'ombe wake mwenyewe. Lori lilikuja, bei ilikuwa nzuri, na Anaeli alishuka Same mjini kufungua akaunti akiwa amevaa koti lake la kanisani.

Ikabaki fomu. Fomu iliuliza ni nani atakayegharamia masomo, na ilikuwa imeacha mstari mmoja wa kujibu. Abdieli aliandika majina manane, la baba yake na ya nyumba saba, kwa herufi ndogondogo zilizopanda mpaka pembeni mwa karatasi. Fomu ilirudishwa: mdhamini awe mmoja, mwenye akaunti. Akaandika Anaeli. Na pale dirishani ubalozini, alipoulizwa anayemlipia ni nani, alijibu, "Baba yangu." Hakusema uongo. Ukweli ulikuwa umepunguzwa tu, ili utoshe kwenye mstari.

Kabla ya safari Anaeli alikwenda ndivani asubuhi baada ya asubuhi kuzirudisha zile siku, na kila nyumba aliipelekea maji na kikapu cha tangawizi. Sita zilipokea. Nakundwa alikataa. Alisema alimwazima kijana, si baba. Kijana atairudisha mwenyewe akirudi. Abdieli alicheka, akamwahidi miaka minne.

Huko Marekani alisoma asubuhi na kuosha vyombo vya bwalo jioni, na kwa bidii yake miaka mitatu iliyobaki chuo kilimlipia chenyewe. Alipakumbuka sana nyumbani. Theluji ilipofunika madirisha alikumbuka ukungu wa Upare, harufu ya tangawizi mbichi inapochimbwa, na ule mngurumo mdogo wa ndiva kizibo kinapotoka. Bomba la joto chumbani mwake lilikuwa likinguruma hivyo hivyo, naye alikuwa akizima taa ili alisikilize. Wenzake walipomuuliza amefikaje pale, alisimulia habari za mkulima mmoja aliyemsomesha mwanawe kwa jembe. Walipenda sana habari hiyo. Kila alipoirudia ilinyooka zaidi, mpaka ikabaki na mtu mmoja tu ndani yake. Alikumbuka maji, akasahau siku ilikuwa ya nani.

Minne ikawa kumi, kumi ikawa kumi na tisa. Kazi, viza, mkopo wa nyumba. Sababu hazikosekani kwa anayezitafuta. Alimjengea baba yake nyumba ya matofali, na baba alipofariki alituma fedha za mazishi, kwa kuwa karatasi zake hazikumruhusu kutoka wakati ule. Mwaka uliofuata ndipo alipokuja kulijengea kaburi. Akiwa amesimama mbele ya watu, machozi yakimtoka kwelikweli, alisema, "Mzee huyu alinisomesha peke yake." Wazee walitazama viatu vyao. Mtoto hasahihishwi kwenye kaburi la baba yake.

Asubuhi yake alipanda ndivani ili ausikie ule mngurumo aliokuwa ameutamani miaka yote. Mtunza ndiva alikuwa ukutani. Hakumtazama. Alitangaza kama alivyotangaza kila baada ya siku kumi: "Leo ni siku ya Abdieli." Kizibo kikatoka, maji yakashuka, yakapita shamba la Anaeli lililokwisha kuwa kichaka, yakaenda zake mtoni yakinywewa na mbuzi. Maji ya mtu hayaguswi na mwingine. Abdieli alibaki pale mpaka ndiva ikawa tupu. Alikumbuka kanga yenye tope na siku ya Nakundwa ambayo hakuirudisha, akakumbuka miaka minne, na aibu ikampanda usoni.

Alimkuta Nakundwa barazani, mgongo umepinda, akichambua maharage ya kununua. Alipiga magoti akamwamkia, "Shikamoo, bibi," naye akaitikia marahaba bila kuonyesha kushangaa. Abdieli alitoa bahasha, na ilikuwa nene. Nakundwa aliisukuma kwa vidole viwili ikarudi kifuani kwa Abdieli.

"Sikukuazima pesa, Abdieli. Nilikuazima siku."

Siku hiyo ilikuwa imekwisha kwenda mtoni, na iliyofuata ilikuwa mbele siku kumi. Tiketi yake ya ndege ilikuwa ya baada ya siku nne. Abdieli aliibadilisha. Siku ya kumi alivua viatu, akaingia kwenye tope, akang'oa kizibo kwa mikono iliyokuwa imelainika, kisha akatangulia mbele ya maji akikimbia kama alivyokuwa akikimbia utotoni. Lakini mfereji wa kwenda kwa Nakundwa ulikuwa haujaona maji ya ndiva tangu siku ile ilipoazimwa. Ulikuwa na nyufa za kuingiza mguu. Uliyanywa yote, na nusu ya njia ukabaki na unyevu tu. Nakundwa alikuwa amesimama kwenye tuta lake tangu alfajiri, jembe mkononi. Abdieli alimfikia mikono mitupu.

"Mfereji ulikuwa na kiu," alisema bibi. "Tungoje zamu nyingine."

Abdieli alibadilisha tiketi mara ya pili. Siku zile kumi aliziba nyufa kwa udongo, hatua kwa hatua, na waliokuwa wakipita walishuka kumsaidia bila kuitwa. Zamu ilipofika maji yalipita, taratibu, yakiwa na rangi ya chai, yakagusa mguu wa Nakundwa. Aliinama akayafungulia njia mwenyewe. Asubuhi ya zamu iliyofuata mtunza ndiva alitangaza kwamba leo ni siku ya Nakundwa.

Basi, ewe uliyevushwa bahari: jina uliloandika kwenye ule mstari mmoja tunalijua, je, yule uliyeitumia siku yake umempelekea maji, au bado amesimama kwenye tuta lake, jembe mkononi?