Sange na Bibi Zake Elfu Tatu

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nani?
— Sema wewe, sisi tumekaa!

Pakawa Sange, mnyama mdogo mwenye pua kama mrija. Na pakawa Ngiri, mwenye meno ya nje na tamaa ya ndani.

Sange alikuwa na shimo kavu, lenye milango miwili. Siku moja Ngiri akaingia kinyumenyume, makalio mbele. "Toka, mama. Shimo hili langu."

Shauri likaenda kwa Mama Kanga, mwamuzi wa pori. Kanga akasema, "Sange, wadai umerithi kwa bibi zako. Haya, majina yao yote elfu tatu yasomwe leo, kabla jua halijatua. Likikosekana moja, Ngiri ahamie."

Majina yalikuwa katika ghala la kumbukumbu, kompyuta tisa zilizounganishwa kwa waya zifanye kazi kama moja. Kila bibi na kijifaili chake. Na mshika orodha, anayejua kila faili liko kompyuta ipi, alikuwa nani? Ngiri!

"Nani wewe?" akauliza Ngiri.

"Sange."

"Wataka nini?"

"Faili la bibi Nyamizi."

Ngiri akaenda kwenye orodha, kwata kwata kwata. Akarudi, kwata kwata kwata. Akafungua, kweche! Akasoma. Akafunga, kweche!

"Sasa bibi Kalunde," akasema Sange.

"Nani wewe?"

"Kaka, si mimi yuleyule?"

"Utaratibu ni utaratibu. Wataka nini?"

Kwata kwata kwata. Kweche! Kweche!

Adhuhuri ikafika, wamesomwa bibi arobaini. Kompyuta tisa zinakoroma, khorooo, anayetoka jasho ni Ngiri peke yake. Sange akawatazama wanawe wanne. Watalala wapi?

Akaipangusa pua yake. "Pole na kazi, kaka. Lakini mnyama mwenye meno kama yako, mbona unatunza makombo? Tembo ana faili moja kubwa, limelalia kompyuta zote tisa, kichwa huku, mkia kule. Wanyama wakilipita huinama."

"Huinama?"

"Mpaka pua iguse vumbi."

"Nami nalitaka la kwangu!"

"Utalipata wapi? Humu mna vijifaili vyangu tu, vyembamba kama miguu yangu."

"Nitavishona viwe kimoja!"

Na kwa kuwa kazi ilikuwa yake mwenyewe, Ngiri hakujiuliza "Nani wewe?" Hakwenda, hakurudi. Aliishika orodha nzima mara moja, akapaza sauti, "Leteni vyote!" Kompyuta tisa zikaamka, vruuuuu! Zikavuta zote pamoja. Maji ya ugali hayajachemka, faili limekwisha. Akaliandika juu: FAILI KUBWA LA NGIRI.

"Mama Kanga," akasema Sange, "naomba ufungue hilo."

Kweche! Mara moja tu. Na Kanga akianza kusema hana nukta: "BibiNyamizibibiKalundebibiMbulabibiSitta—" bibi elfu tatu, na jua bado liko juu ya miti.

"Simama!" akafoka Ngiri. "Faili hilo langu! Halisomwi kwa niaba yake! Kila kilichomo ni changu!"

"Kila kilichomo?"

"Kila kilichomo!"

"Basi hawa wote ni bibi zako," akasema Kanga. "Na shimo liko kwa Sange, mkubwa wa ukoo huo aliye hai, naye basi ni bibi yako. Tangu lini mjukuu akamtoa bibi yake nyumbani?"

 

Sange akapiga kigelegele. "Kumbe! Karibu, mjukuu, mume wangu mdogo! Ufagio uko pale, ua halijafagiliwa tangu asubuhi."

Ngiri akafagia, fya, fya, fya, na wanawe Sange wakimpanda mgongoni.

Fundisho, wanangu, kama asemavyo Ngiri mpaka leo, ufagio mkononi: fuateni utaratibu. Fungueni kimoja, fungeni kimoja, kisha ulizeni tena "Nani wewe?" Mwenye haraka hafiki.

Ngano yangu imefika mlangoni. Aliye ndani aketi, aliye nje apige hodi.