Kura ya Mafiga Matatu

Hapo zamani, huko Uingereza kwenye baridi ya kung'ata, palikuwa na kijimji kiitwacho Pendlow, nyumba arobaini na kanisa moja, nacho kilikuwa na haki ya kupeleka mjumbe katika Bunge la mfalme. Kulikuwa na miji mikubwa yenye watu tele isiyokuwa na mjumbe hata nusu, lakini Pendlow ilikuwa naye. Ndivyo mambo yalivyokuwa, usiniulize mimi. Na desturi yao ya uchaguzi ilikuwa hii: mpiga kura ni mwanamume aliyechemsha chungu kimoja cha maji kwa mkono wake, juu ya meko yake mwenyewe, mbele ya karani. Asiye na meko hana kura.

Basi nyumba zote zilikuwa mali ya mwinyi mmoja, jina lake Ambrose, naye ndiye aliyekuwa mjumbe kama babaye na babuye, kwani hapakuwa na aliyethubutu kushindana naye. Ikawa mwaka mmoja mwinyi akataka Bunge limpe malisho ya mji, ayazungushie ua, awinde mbweha humo peke yake. Watu wakaona ng'ombe wao watakufa njaa, wakamsimamisha Giles mhunzi ashindane naye.

Mwinyi aliposikia akacheka, kisha akatuma waashi wakabomoa meko ya nyumba zote arobaini. Yakabaki ya kasri lake tu. Wiki nzima watu wakala mkate mkavu na kunywa maji baridi, wazee wakitetemeka, na hilo lilikuwa jambo la aibu, nasema wazi.

Hata mwinyi akipita darajani, akamwona Tobit, fukara aliyelala chini ya daraja hilo kwa kukosa nyumba.

Akanena, "Ewe Tobit, wewe hujifanya mjanja. Nitafutie katika mji huu kura moja isiyo yangu. Ukikosa, hapo napo utahama."

"Na nikiipata, bwana wangu?"

"Nitakuvulia kofia mbele za watu."

Siku ya uchaguzi ikafika, nao ulikuwa wa siku tatu. Karani akaketi uwanjani kasrini, na mpishi wa mwinyi akaleta chungu kinachotokota.

Tobit akasema, "Bwana karani, mkono uliochemsha ni wa nani?"

"Wa mpishi."

"Na desturi yasemaje?"

Karani akakohoa. Ikawa hapana budi mwinyi achemshe mwenyewe. Akapuliza majivu yakamwingia machoni, akaunguza nywele zake za bandia, na moto ulipowaka hatimaye akakiteleka chungu kitupu, kikapasuka vipande viwili. Na desturi ni chungu kimoja tu; kikipasuka, kura nayo imekwenda.

Ndipo Tobit akaenda katikati ya barabara iliyopita mbele ya kasri, karani akimfuata, akatoa mawe matatu katika gunia lake, akayapanga, akateleka chungu chake cheusi, maji yakachemka.

"Meko haya ni ya nani?" akauliza karani.

"Ni yangu. Mwinyi amebomoa meko ya nyumba zake, nami sina nyumba. Na barabara hii ni ya mfalme."

Karani akaandika: mpiga kura, mmoja.

Giles akaruka kwa furaha. "Tobit, nitaje mimi, tumeshinda!"

Lakini mwinyi alikwisha kufika mbio, uso mweupe kwa majivu. "Tobit, ndugu yangu," akasema, yeye ambaye hakuwahi kumwita ndugu hata mbwa wake, "nakuomba kura yako."

"Wajengee watu meko yao yote kabla ya jua kutua siku ya tatu, nami naapa kura yangu ni yako."

Giles akatamani kumpiga nyundo. Tobit akamwambia, "Ng'ombe wakipona, ndugu, maziwa yao utayachemshia wapi?"

Mwinyi akakubali, akijisemea moyoni kwamba watu wale humwogopa, watamtaja yeye. Waashi wakajenga bila kupumzika. Siku ya tatu moshi ukapanda nyumba zote, vyungu arobaini vikachemka, na wanaume arobaini wakaja mbele ya karani, kila mmoja akikumbuka mkate mkavu, wakataja kwa sauti, "Giles mhunzi." Wa mwisho akaja Tobit.

"Mwinyi Ambrose," akasema, "kama nilivyoapa."

Karani akasoma: Giles arobaini, mwinyi moja.

"Nitawafukuza nyote!" akanguruma mwinyi.

"Utufukuze, bwana wangu," akasema Tobit, "lakini ukibaki na nyumba tupu, nani atakuamkia asubuhi?"

Mwinyi akazitazama nyumba zake zilizofuka moshi. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamdondoka usoni, akamvulia Tobit kofia mbele ya mji mzima.

"Miaka yote sijapata kuomba kura," akasema, "na hii niliyoiomba ndiyo pekee niliyopata. Haya, niambie, maji huchemshwaje?"

"Kwanza, bwana wangu," akajibu Tobit, "huwa tunayatia chunguni."

Siku hizi Pendlow haina mjumbe wake, jimbo lilifutwa zamani. Meko yapo, nami chungu changu nakiepua hapa.