Chokaa ya Bi Mwatumu

"Ukipaka chokaa alama ya maji, maji yataichora tena." Nimewaambia hivyo mlipoicheka ile nyumba yenye ukuta mchafu, nanyi mnataka kujua maneno haya yametoka wapi. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Bi Mwatumu Ngwali alikuwa mwenyekiti wa kijiji cha Nyamwimbo, bondeni Rufiji, mwanamke hodari ila mwenye kujali mno macho ya watu. Zamani mto ulifurika kwa majira yake. Siku hizo ulikuwa umepoteza adabu, na mwaka mmoja ukazoa mbegu yote ya mpunga. Habari zikafika ng'ambo. Ukaja mradi wa kuwajengea ghala la mbegu juu ya nguzo, maji yasilifikie.

Kwetu mgeni haonyeshwi ufa wa nyumba. Kwa hiyo kabla wageni hawajafika, Bi Mwatumu aliamuru kila ukuta upakwe chokaa. Mstari wa tope ulioachwa na mafuriko, usawa wa kifua cha mtu mzima, ukafutika kijiji kizima.

Mhandisi Tunu Mbonde akaja na futi yake ya kupimia. "Shikamoo mama. Maji yalifika wapi?"

Bi Mwatumu aliwaza: nikisema kifuani, watatuona wajinga tunaolala mtoni. "Marahaba. Yalifika hapa," akasema, akigusa goti. Mzee Mkumba, jirani yake, akakohoa. Bi Mwatumu akamkata jicho, mzee akanywea.

Mhandisi aliugusa ukuta mweupe, kisha akaandika. Nguzo zikajengwa usawa wa kiuno, ziada ikiwa ya tahadhari.

Masika yaliyofuata maji yakaja. Yalipopungua, magunia ghalani yalikuwa yamevimba, mpunga umeota humo humo. Hakuna aliyemlaumu Bi Mwatumu, na hilo ndilo lililomuumiza. Watu walimsalimu wakitazama chini. Akaona haya hata kwenda kisimani.

Mhandisi akarudi. "Mama, mbona uliniambia gotini?"

"Niliona aibu, mwanangu. Nilitaka mtuone watu wa maana."

Tunu akainamisha kichwa. "Na mimi chokaa ilinishika mkononi siku ile, bado mbichi. Nikajua kuna kitu. Nikaona si adabu kumhoji mtu mzima kwake."

Mbele yao ukuta wa Bi Mwatumu ulikuwa na mstari mpya wa tope, usawa wa kifua, pale pale pa zamani. Mama wa watu akaokota msumari, akauchonga ule mstari ukutani mpaka udongo wa ndani ukaonekana.

"Pima hapa," akasema. "Na nyumba hii isipakwe tena, hata siku ya maziko yangu."

Ghala la pili lilipimwa hapo, ndilo linalotulisha. Na nyumba mliyoicheka ndiyo hiyo. Ukipaka chokaa alama ya maji, maji yataichora tena.