Twiga Aliyekimbia Somo la Kuinama

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama waliolala njaa. Paukwa, nimesema!

Pakawa!

Pakawa mpira, pakawa kikapu, pakawa na mwenye shingo ndefu asiyesikia la mtu. Haya, kaeni. Wewe uliye nyuma, acha kumfinya mwenzio, maana hadithi hii huenda ni yako.

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na shule yao, na katika shule hiyo palikuwa na mwalimu aitwaye Nungunungu. Alifundisha mchezo wa kikapu. Kikapu chenyewe kilikuwa cha ukindu, kimetobolewa chini, kimetundikwa juu ya mgunga. Mpira ulisukwa kwa majani makavu ya mgomba. Ukiutia mpira kikapuni, unashangiliwa.

Nungunungu alikuwa mwalimu mzuri, lakini subira hakujaliwa. Akiudhika, miiba yake ilisimama mmoja mmoja, tangu mkiani hadi kisogoni. Wanafunzi waliijua miiba ile kuliko walivyoyajua masomo.

Na masomo yalikuwa matatu. La kwanza, kurusha. La pili, kupasiana. La tatu, kuinama: kushuka mpaka chini, kuokota mpira, na kuinuka bila kuanguka. Somo hilo la tatu halikufundishwa kiangazi hata mara moja. Lilingoja mvua za masika ziilainishe ardhi, ili mwenye miguu mirefu akianguka asivunjike. Ndivyo walivyofanya tangu enzi za mababu zao.

Sasa palikuwa na mwanafunzi mmoja, Twiga. Loo, mtoto yule alijaliwa! Aliudaka mpira kwa mdomo, akapinda shingo, pwa! Umo kikapuni. Akarudi tena, pwa! Umo. Watazamaji wakaimba:

*Twiga ee, Twiga ee,*
*mawingu umeyagusa,*
*kikapu ni chako ee!*

Lakini nani aliyempa Twiga huo mpira? Digidigi. Digidigi huyo huyo asiyelifikia hata goti la Twiga. Alipenya katikati ya miguu ya watu, akauinua mpira mavumbini kwa pua, akaurusha juu. Wala hakuna aliyemwimba Digidigi. Twiga mwenyewe alidhani mpira huota mabawa.

Mwaka huo kiangazi kikazidi. Majani yakaisha mitini. Mama Twiga, mama wa kijana huyo, akakonda mpaka mbavu zikaonekana. Ndipo akaja Kunguru.

Kunguru alikuwa wakala wa timu ya Mfalme Simba. Akatua juu ya kikapu, na kizibao chake cheupe.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," Nungunungu akaitika shingo upande. "Umemfuata nani?"

"Twiga. Kwa Simba kuna bonde la migunga mibichi. Akicheza anakula, na mama yake anakula."

"Bado somo la tatu."

"Yule anagusa mawingu, mwalimu. Ainame afuate nini?"

Mwiba wa mkiani ukasimama. "Bado somo la tatu!"

Kunguru akaruka zake. Siku si nyingi akarudi, akatua pale pale.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Bado somo la tatu."

"Unaogopa atavunjika mguu? Hata hapa shuleni unaweza kuvunjika, tena kwa njaa. Ukivunjika, utamlisha wewe?"

Neno lile lilikuwa na kweli ndani yake, na hakuna kilichomuudhi Nungunungu kama Kunguru kusema kweli. Miiba ikasimama hadi katikati ya mgongo.

"Mvua zi karibu!" akafoka. "Angoje mvua!"

"Wewe unakula mizizi, mwalimu. Mvua zikichelewa, unachimba. Mama yake anakula majani. Yako wapi?"

Kunguru akaruka zake. Nungunungu akatazama juu, hata wingu hakuna. Akalikasirikia jua, akaikasirikia ardhi, akamkasirikia Kunguru mara mbili zaidi.

Mara ya tatu Kunguru hakwenda kwa mwalimu. Ahangaike na miiba ya nini? Alikwenda moja kwa moja kwa Twiga. Kesho yake Twiga akaja uwanjani, mama yake nyuma yake, Kunguru kichwani katikati ya pembe.

"Mwalimu, nimekuja kukuaga."

"Unakwenda na somo la tatu hujalianza? Na ardhi jiwe hivi?"

"Mama hajala, mwalimu."

Nungunungu akamtazama Mama Twiga, akaziona zile mbavu. Akavuta pumzi, akajishusha.

"Basi nenda, mwanangu. Riziki haikatazwi. Lakini usiende peke yako. Nenda na Digidigi."

Twiga akacheka. Alicheka shingo nzima.

"Digidigi? Atanifaa nini? Goti langu lenyewe halifikii!"

"Na Simba hakuagiza wafupi," Kunguru akadakia.

Hapo miiba yote ikasimama, mpaka ya kisogoni. "Sikio la kufa halisikii dawa! Nenda! Nenda na pembe zako na kunguru wako! Na ukirudi hapa usiniambie kitu!"

Twiga akaenda.

Nungunungu akaapa kwamba hatakwenda kutazama. Nyasi zenyewe zilimsikia akiapa. Siku ya mchezo akawa wa kwanza kufika, amejificha kichakani, Digidigi kando yake.

"Si ulisema huji, mwalimu?"

"Sikuja. Nyamaza."

Kwa Mfalme Simba desturi ilikuwa nyingine. Huko aliyetia mpira kikapuni ndiye aliyekula. Kwa hiyo hakuna aliyempasia mwenzake, kila mtu na tumbo lake. Tembo aliokota mpira kwa mkonga. Mbuni aliokota kwa mdomo. Nyati alikuwa na kichwa kilichokwisha kuinama tangu kuzaliwa.

Simba akaurusha mpira juu. Twiga akaudaka, pwa! Umo. Watu wakaimba. Mama yake akaletewa tawi la mgunga.

Simba akaurusha tena. Twiga akaudaka, pwa! Umo. Watu wakaimba mpaka vumbi likatimka. Mama Twiga akaletewa tawi jingine. Kichakani, Nungunungu akaanza kujiuliza kama hakukosea yeye.

Simba akaurusha mara ya tatu. Tembo akaupiga kwa mkonga, mpira ukaanguka chini, mbele ya miguu ya Twiga.

Twiga akangoja. Alingoja mpira uje juu wenyewe, kama alivyozoea. Mpira haukuja. Akatazama kushoto, hakuna Digidigi. Akatazama kulia, Tembo huyo anakuja mbio.

"Usiiname," Nungunungu akanong'ona. Alikuwa amewafokea watoto wa watu maisha yake yote wainame, na leo anaomba huyu mmoja asiiname. "Mwanangu, usiiname. Ardhi ni jiwe. Uache tu."

Twiga akainama. Miguu ikateleza huku na huku, goti likapiga jiwe, kha! Uwanja mzima ukasikia.

"Aingie mwingine," akasema Simba.

Twiga akainua kichwa amtafute Kunguru. Kunguru alikuwa ameshatua begani mwa Pundamilia mmoja aliyekuja kutazama, anamnong'oneza habari za bonde la migunga.

Nungunungu na Digidigi wakamsindikiza Twiga nyumbani, taratibu, mguu umefungwa kamba za magome. Majani ya Simba yakawa yamekatika. Nungunungu akawachimbia mizizi, mama na mwana, akinung'unika kila shimo. Alimnung'unikia Kunguru, alimnung'unikia Twiga, aliinung'unikia na mizizi yenyewe kwa kujificha.

Mama Twiga akatafuna, akakunja uso, akameza.

"Ungalituchimbia mapema, mwalimu," akasema, "mwanangu asingalikwenda."

Nungunungu akachimba shimo jingine.

Lakini maneno ya kumwambia Twiga alikuwa nayo. Aliyapanga usiku na mchana. Siku mguu utakapopona, atamwambia moja, atamwambia mbili, atamwambia mpaka masikio yamuanguke.

Mvua za masika zikaja. Uwanja ukawa tope tupu. Twiga akaja akichechemea, akasimama mbele ya mwalimu. Mguu ule haukunyooka tena, na kwa Simba hakuitwa tena.

"Mwalimu, uliniambia..."

"Nyamaza!"

Miiba yote ikasimama. Watoto wakarudi nyuma. Nungunungu akafungua mdomo, maneno yote tayari. Akauona ule mguu uliopinda. Miiba ikalala mmoja mmoja, kuanzia kisogoni.

"Ardhi imelainika," akasema. "Inama."

Twiga akatanua miguu, akaanguka. Watoto wakacheka.

"Inama."

Akatanua miguu, akaanguka. Tope likamwingia masikioni.

"Inama, mwanangu."

Akatanua miguu ya mbele, kidogo kidogo, akashusha ile shingo yote, mdomo ukaufikia mpira. Akauinua. Kikapu kilikuwa pale pale karibu, kinamngoja. Twiga hakukitazama. Akainama tena, akauweka mpira puani pa Digidigi.

"Nirushie, ndugu yangu," akasema. "Safari hii nataka nione unatoka wapi."

Na ndiyo maana mpaka leo Twiga akifika mtoni kunywa maji hutanua miguu ya mbele, akashuka polepole. Mnadhani ana kiu tu? Yuko kwenye somo la tatu.

Hadithi hii inatufunza nini? Msikimbilie kunijibu. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwenda mapema kutafuta riziki si dhambi. Dhambi ni kwenda hujajua nani anayekuokotea mpira, na kumcheka ukiambiwa. Nanyi wakubwa mnaoniitikia kwa vichwa hapo, lenu hili: ukimtaka mtoto angoje mvua, mchimbie mizizi kwanza, angoje akiwa ameshiba.

Hadithi yangu imefika mvunguni. Aliyeipenda ainame aiokote. Asiyeipenda aiache pale pale, mwenye shingo fupi atapita aichukue.