Droni ya Nyani na Jiwe la Pimbi

"Mmekaa?"

"Tumekaa."

"Mmekaa vizuri, au kuna aliyekalia mguu wa mwenzake?"

"Kila mtu amekalia chake."

"Niwape ya kweli au ya uongo?"

"Ya kweli tunayo majumbani. Tupe ya uongo, mradi iwe tamu."

Basi pokeeni.

Paliondokea Nyani dume, mkubwa wa mwili na mkubwa wa tumbo, na Nyani huyo alikuwa na droni. Msiniulize aliipata wapi. Shangazi Nyamizi, aliyenipa hadithi hii, hakupenda kukatizwa hapo, nami naitoa kama nilivyoipokea. Zamani ilikuwa zamani, na droni ilikuwepo: kidudu cha mapanga manne, chenye jicho moja tumboni. Kikipaa husema vuuu, kikishuka husema viii, na kila kinachokiona, Nyani hukiona kwenye kioo alichoshika mkononi.

Kwa jicho lile Nyani alikula. Digidigi alioa. Vuuu, Nyani akapiga picha kutoka juu. Digidigi akaomba picha ya harusi yake. Nyani akasema, "Mkungu wa ndizi kwanza." Kanga akawapeleka wanawe kisimani kwa mara ya kwanza. Vuuu, Nyani akapiga picha kutoka juu. Kanga akaomba naye aone. Nyani akasema, "Mkungu wa ndizi kwanza." Na watu wakiwa wamekusanyika hivyo, harusini au msibani, jicho lile lilikuwa likizunguka juu ya mashamba yao, kuangalia nani ndizi zake zimeiva.

Baraza la wanyama likakaa, likatunga kanuni. Droni isiruke juu ya vichwa vya watu. Isitoke machoni pa mwenyewe. Isirushwe kwenye shughuli bila kibali cha wenye shughuli. Zilikuwa kanuni nzuri. Wote walizikubali, na Nyani alizikubali kwa sauti kubwa kuliko wote. Lakini kumwambia Nyani "shusha" ni kazi ya mwenye meno kama ya Nyani, na mwenye meno hayo alikuwa Nyani peke yake. Kanuni zikabaki, droni ikabaki.

Sasa kulikuwa na siku ya mavuno. Siku hizo hazipo tena namna ile. Mtama ulikuwa umeshapurwa, togwa imepoa vyunguni, vumbi la kupepeta bado liko hewani na ukilivuta puani lina harufu ya unga. Wanyama wote walishuka uwanjani kando ya bwawa, wakubwa kwa wadogo, na hakuna aliyemuuliza mwenzake kwa nini alimkosea mwaka jana. Ngoma ikalia: ndi-ndindi, ndi-ndindi. Na vijana walipochoka, Bibi Kobe aliingia katikati kucheza mchezo wa waliotangulia. Zilikuwa hatua za wale wa kwanza waliofika bondeni: walivyotembea, walivyosimama, walivyogeuka kutazama walikotoka. Mchezo ule haukuwa na maneno. Ulikaa miguuni, na miguu iliyoujua wote ilikuwa imebaki ya Bibi Kobe. Kujifunza kulikuwa kwa namna moja tu. Unaingia nyuma yake, unaweka mguu alipouweka yeye.

Mwaka ule vijana walijipanga nyuma yake. Bibi Kobe akainua mguu wa kwanza.

Vuuu. Droni ikapita juu, kivuli kikamwangukia mgongoni, kichwa kikaingia gandani: vup.

Wakasubiri. Kichwa kikatoka. Vuuu. Vup.

Wakasubiri. Kichwa kikatoka. Vuuu. Vup.

Jua likazama, na vijana wakaenda nyumbani bila hata hatua moja.

Pimbi alimfuata Bibi Kobe mpaka kwake. Pimbi mnamjua: yule mdogo wa majabalini, asiye na mkia, mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Wengine husema hadithi hii ni ya Sungura. Si kweli. Sungura hajui mawe.

"Bibi," akasema Pimbi, "yule hakuwa tai. Ni droni ya Nyani."

"Najua, mjukuu wangu. Kichwa kinajua. Shingo ndiyo haijui."

"Haifundishiki?"

"Ilishafundishwa, na aliyeifundisha ni tai, ganda langu likiwa bado laini. Nimeiambia iache. Ni ya umri wangu, haisikii." Bibi Kobe akakunja miguu polepole. "Mavuno yajayo nitaingia uwanjani tena. Baada ya hapo msinitegemee. Magoti yameshaniaga."

Pimbi akarudi majabalini, akakaa juu ya jiwe lake, akawaza. Kumkataza Nyani hakuweza. Akaona afadhali amsaidie.

Mvua zikaja, mtama ukaota, ndege wakafukuzwa mashambani, mtama ukavunwa. Siku ya mavuno ikafika, na msimamizi wa uwanja alikuwa Pimbi. Aliiomba kazi hiyo mwenyewe. Nyani akaja mapema, droni kwapani.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba, kipande cha panya. Mkia umeuacha wapi leo?"

"Nimewaazima wakwe zako, wanafagilia uwanja."

Nyani akacheka mpaka akashika mbavu. Walikuwa watani, ukoo na ukoo, na mtani hakasirikiwi siku ya ngoma.

"Kibali unacho?" akauliza Pimbi.

"Kiko njiani."

"Kikifika tutakipokea. Mimi sikukatazi, mtani. Nataka picha zitoke nzuri. Ila kuna vikanuni vya uwanja."

"Sema."

"Usirushe juu ya vichwa vya watu."

"Nimeelewa."

"Isitoke machoni pako."

"Nimeelewa."

"Hasa usiipitishe nyuma ya kilima kile. Ngiri ana migomba huko, na mwaka huu ndizi zimeiva mpaka zinadondoka zenyewe. Mtu akiona droni huko atadhani unachungulia ndizi za watu. Na Ngiri mwenyewe yuko hapa, na mkewe, na watoto wote."

Nyani akameza mate. "Wote?"

"Wote. Nyumbani hawakubakiza hata wa kukohoa."

"Nimeelewa kabisa," akasema Nyani, na macho yake yalikuwa yameshapanda kilima.

"Na ya mwisho. Usiirushe kutoka mchangani wala kwenye majani, mapanga yatakamata uchafu. Irushe kutoka mahali imara, pa sawasawa, mbali na watu."

Kanuni hii Nyani aliiheshimu, kwa kuwa ililinda mali yake mwenyewe. Tena droni ile ilikuwa na tabia. Kabla ya kupaa ilipakariri mahali ilipokaa, na nguvu za betri zikikaribia kwisha ilirudi yenyewe, bila kuitwa, ikatua palepale. Nyani aliipenda tabia hiyo. Ndiyo iliyompa moyo wa kuituma mbali.

"Mahali pa hivyo hapa ni wapi?" akauliza.

"Kuna jiwe," akasema Pimbi.

Wakaenda ukingoni mwa bwawa. Jiwe lilikuwa pale, hatua moja tu kutoka nchi kavu: la kijivu, pana kama kitanda, tope limekauka juu yake, na ndege wawili weupe, yange, wamesimama.

"Mwaka jana sikuliona hili," akasema Nyani.

"Mwaka jana maji yalikuwa mengi."

Nyani akanyoosha mkono, akaligusa. "Lina joto."

"Jua hili, bwana mkubwa. Hata mimi kichwa kinaniuma."

"Mbona kama linatikisika?"

"Yanayotikisika ni maji. Ukiyatazama sana, jiwe utaliona linapumua. Sisi wa majabalini tumezoea. Au twende kwa wengine tukaulize, kati yako na mimi nani anajua mawe?"

"Hilo ni kweli," akasema Nyani. "Kazi yenu ni kukaa juu ya mawe tu." Akawafukuza wale yange, akaiweka droni katikati ya jiwe, taratibu, kama mama anayelaza mtoto.

Sasa ninyi mnaosikiliza, nyamazeni, msimwambie. Lile halikuwa jiwe. Lilikuwa mgongo wa Kiboko. Kiboko alikuwa na usingizi mzito, alizoea kukaliwa na yange, na hakupenda ngoma. Kila mwaka ngoma ilipoanza aliamka, akanung'unika, akaenda kulala kilindini upande wa pili, asirudi mpaka kesho yake.

Nyani akabonyeza. Vuuu. Droni ikapaa. Nyani akaligeuzia bwawa mgongo, akapanda kichuguu cha karibu, macho kwenye kioo.

Ngoma ikalia: ndi-ndindi, ndi-ndindi.

Vijana wakaingia. Droni ikawapita juu ya vichwa. Pimbi akamfuata Nyani kichuguuni.

"Bwana mkubwa, vichwa."

"Nimeelewa," akasema Nyani, na akaituma kilimani.

"Bwana mkubwa, siioni tena."

"Mimi naiona," akasema Nyani. Alichokuwa anakiona ni ndizi. Mkungu wa kwanza ulikuwa wa njano. Mkungu wa pili ulikuwa wa njano zaidi. Nyuma ya migomba kulikuwa na migomba mingine. Kidole cha Nyani kilikuwa kinasema mbele, tumbo lake linasema mbele, na droni ikaenda mbele.

Pembeni mwa uwanja, ndani ya ganda lake, Bibi Kobe alikuwa anasikiliza.

Kwenye kioo kikalia kitu: pi. Nyani akasema, "Mgomba mmoja tu wa mwisho." Pi, pi. Akasema, "Na ule wa pembeni." Pi, pi, pi. Hapo droni ikaacha kumsikiliza. Ikageuka yenyewe, ikapita kilima, vuuu, vijana wakainama, ikaelekea bwawani.

"Tazama," akasema Nyani kwa fahari, "inarudi nyumbani yenyewe. Nyie mnahangaika na kanuni, chombo kina akili kuliko baraza zima."

"Kweli kina akili," akasema Pimbi.

Nyani akageuka. Maji yalikuwa yametulia, mapana, matupu.

"Pimbi. Jiwe liko wapi?"

"Lilikuwa pale."

"Najua lilikuwa pale. Sasa hivi liko wapi?"

"Limeenda kulala, nadhani. Halipendi ngoma."

"Jiwe linakwendaje?"

"Hata mimi nashangaa, mtani. Na mawe nayajua."

Nyani akaruka kutoka kichuguuni, akakimbia huku anabonyeza. Akabonyeza juu, akabonyeza pembeni. Nguvu zote zilikuwa zimeliwa na ndizi za Ngiri. Viii, ikashuka. Viii, ikashuka. Ikatua palepale ilipopaa, haikukosea hata kidogo.

Chubwi.

Nyani akajitosa mpaka kiunoni, akapapasa. Mbali kilindini Kiboko akatoa pua, akapuliza maji, akamtazama. Nyani akatoka majini.

Pimbi akaenda pembeni mwa uwanja, akagonga ganda polepole.

"Bibi. Kimekwenda."

"Kimekwenda mpaka wapi?"

"Mpaka chini. Kimelowa."

Kichwa kikatoka. Kikatazama juu muda mrefu, mbingu nyeupe isiyo na kitu. Kisha Bibi Kobe akaingia uwanjani.

Alicheza polepole. Alitembea kama walivyotembea wale wa kwanza, wenye mizigo. Akasimama kama walivyosimama walipoona maji. Vijana walikuwa nyuma yake wamepangana, mguu nyuma ya mguu, wamezuia pumzi. Ngoma yenyewe ilipunguza sauti. Akageuka kutazama walikotoka, na wazee waliokuwa pembeni wakageuka naye, bila kuambiwa, kila mmoja akatazama upande alikowazika wake. Nyani alikuwa amesimama nyuma ya wote, manyoya yanachuruzika. Kwa urefu wake aliona juu ya vichwa vya watu wote, na kwa mara ya kwanza hakuwa na kioo mkononi. Mchezo ulipokwisha, yeye ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Bibi Kobe hakuyaona mavuno mengine.

Mwaka uliofuata vijana waliingia uwanjani bila yeye, na hapo ndipo walipojua. Wa kwanza katika mstari alikuwa amemwona Bibi Kobe, lakini alikuwa amekazana na miguu ya mbele, ya nyuma hakuiona. Wa pili alikuwa ameona mgongo wa wa kwanza. Wa tatu alikuwa ameona mgongo wa wa pili. Mmoja akasema aligeukia kulia. Mwenzake akasema kushoto. Ngiri akasema hakugeuka kabisa, lakini Ngiri alikuwa amekunywa togwa iliyochacha. Picha haikuwepo. Wakamgeukia Pimbi. Pimbi akatazama bwawa.

Aliyeuona mchezo wote, miguu ya mbele na ya nyuma, tangu mwanzo hadi mwisho, alikuwa mmoja.

Wakamfuata Nyani kichuguuni. Nyani akawasikiliza mpaka wakamaliza, akajikuna kwapa.

"Naukumbuka," akasema. "Hatua zote. Nitawaonyesha."

Wakashukuru.

"Mkungu wa ndizi kwanza."

Na aliyepanda kilima kuuomba mkungu huo kwa Ngiri, akaushusha kichwani kwake mwenyewe, akafanya hivyo kila mwaka mpaka uzeeni, alikuwa Pimbi.

Funzo lake ni hili, watoto: fuateni kanuni. Nyani aliambiwa kanuni nyingi akafuata moja tu, ya kurushia mahali imara palipochaguliwa na mwenyeji, na mmeona yaliyompata. Angezivunja zote, droni angekuwa nayo mpaka leo.

Nimeiweka chini.

"Tumeiokota."

Mnaibeba?

"Tunaibeba."

Basi mkimwangushia mwingine njiani, semeni alikuwa Pimbi. Hakuwa Sungura.