Mkono Uliokamua Hewa

Sogeeni. Mwenye machozi ya karibu akakae jikoni, asingizie moshi. Humu leo kuna damu, na mwishoni mtaamua shauri.

Huko milimani palikuwa na ukoo uliorithishana ugonjwa kama wengine wanavyorithishana shamba. Mtu anakua vizuri, anaoa, anazaa, kisha viungo vinaanza kucheza pasipo ngoma. Wanakijiji walisema ni pombe, mara ni laana, na vyovyote vile waliwapiga wagonjwa tu. Ndugu watatu wa ukoo huo walioa wanawake watatu. Nakijwa alikuwa na macho makali. Namkunda hasahau, hata kofi la mwaka juzi analo. Eliwaza alikuwa na subira ya jiwe.

Akaja Daktari Fue, mtafiti. Alitaka kuupanga ugonjwa ngazi kwa ngazi, maana dawa aliyoijaribu ilifaa mwanzoni tu. Miaka miwili akawauliza wanaume. Wanaume wa ukoo ule! Mtu yuko chini anagaagaa, ukimuuliza, "Sijambo." Daktari akaandika sijambo, dawa akawapa waliokwisha kuharibika. Wakafa nayo mdomoni.

"Baba daktari," Namkunda akamwambia, "unamuuliza chui kama ameng'ata mtu? Tuulize sisi tuliong'atwa."

Nakijwa akanyoosha mguu usio na vidole viwili. "Mume wangu alikuwa anapasua kuni. Mkono ukaachia shoka likiwa hewani. Tangu hapo namshika kiganja kila asubuhi. Kinabana, kinaachia, kinabana, kama anakamua ng'ombe, na ng'ombe hayupo."

Daktari akaandika: ngazi ya kwanza.

Namkunda akafungua kitambaa usoni. Jicho la kushoto halikuwepo.

"Wangu zamani alitukana kwanza, nikapata nafasi ya kukimbia. Siku moja nikamuuliza chumvi iko wapi, mchi ukaja kabla ya tusi. Nikaanguka. Halafu ananiinamia: 'Mama Nasemba, nani kakufanya hivi?' Anauliza kwelikweli! Tangu siku hiyo hajanitukana tena. Ananipiga tu."

Ngazi ya pili: hapa dawa haishiki tena.

Eliwaza alikosa ncha ya kidole. Mumewe alipaliwa, wanaume wa kijiji wakamlaza kifudifudi wakimchapa fimbo ili pepo atoke. Mbavu zilivunjika akizisikia. Akajipenyeza katikati ya fimbo, akaingiza kidole kooni kutoa tonge, meno yakafunga. "Maji huwakaba kabla ya ugali," akasema. "Na wangu alianza kwa kukamua hewa, akaja kupiga bila tusi, ndipo koo likafunga. Nimemzika. Si magonjwa matatu haya, ni mmoja, nimetembea nao mpaka kaburini."

Ngazi ya tatu, na ngazi zote zikashikana. Daktari akawapanga wagonjwa upya, dawa akawapa wa mwanzo tu. Baada ya miezi kadhaa, mikono ikatulia.

Daktari akarudi na gari kumchukua mgonjwa wa kutibiwa. Nafasi ya dawa imebaki moja. Na watoto wakubwa watatu wameanza kukamua hewa, mmoja wa kila mama.

Namkunda akashika kiganja cha binti yake, Nasemba. Kikabana. Kikaachia.

"Bila mimi hujui pa kuanzia," Nakijwa akamwambia daktari. "Andika mwanangu."

"Bila mimi hujui pa kukomea!" Namkunda akadakia. "Ungekuwa bado unamwaga dawa kwa maiti watarajiwa."

"Bila mimi mngekuwa na laana tatu na ujinga mmoja," Eliwaza akasema.

"Wewe mumeo amekufa, umeshapumzika!" Namkunda akamjibu.

"Nimepumzika?"

Maneno yakaishia hapo. Nakijwa akamkamata Namkunda nywele, Namkunda akamng'ata bega hadi akaonja damu. Eliwaza aliyeokota jiwe alikuwa upande wa kushoto, na upande huo Namkunda haoni. Paji la uso likapasuka. Akaanguka, akainuka kwa magoti, damu ikiingia jicho lililobaki, akipapasa kumtafuta Nasemba.

"Gari linaondoka," daktari akasema. "Nitajieni jina moja."

Sasa msinitazame mimi. Na asiniambie mtu wagawane. Dawa ya mmoja ukiigawa kwa watatu unazika watatu. Nakijwa alionyesha mwanzo, kwa vidole vyake. Namkunda alionyesha mpaka, kwa jicho lake. Eliwaza aliunganisha njia yote, kwa kidole na mume. Wewe hapo, unayetafuna muhogo wangu kimya kimya: ungemtajia daktari mtoto wa nani? Na wale wawili wanaobaki, ungewatazama usoni ukawaambia nini?